Ukiona jino la kale, liache lilipo kwanza

Mvua zikikatika na makorongo yakibaki wazi, picha za meno huanza kutufikia kwenye simu. Tunashukuru, na tunajua wengi hutuma kwa nia njema. Taabu ni kwamba jino tayari liko mezani, limesuguliwa kwa brashi ya chuma, pengine limepakwa vanishi ling'ae, na mtumaji ana maswali mawili tu: je, ni la dinosaria? Na ni pesa ngapi?

Si la dinosaria. Hao walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, na ingawa mabaki yao yapo kaskazini mwa Turkana, miamba ya magharibi mwa Kenya inayotoa meno mengi ni ya baadaye sana. Mara nyingi ulichoshika ni jino la mamalia. Gego la ndovu lina mabamba yaliyobanana, na pale linaposagia kila bamba huacha pete ya enameli, yaani ile tabaka ngumu ya nje ya jino. Kwa ndovu wa Afrika pete hiyo hutanuka katikati kama almasi. Gego la mastodoni, jamaa wa kale wa ndovu aliyekwisha kutoweka, lina vilima butu, viwili viwili. Kwa tofauti za aina hii mwanasayansi Mfaransa Georges Cuvier alionyesha mwaka 1796 kwamba mamothi, yule anayefanana na ndovu mwenye manyoya, si ndovu wa Afrika wala wa Asia, bali mnyama aliyekwisha kabisa. Kabla yeye hajazaliwa, Waafrika waliotiwa utumwani South Carolina, Amerika, walioneshwa meno yaliyofukuliwa mahali paitwapo Stono, wakasema kwa kauli moja kwamba ni magego ya ndovu. Mwingereza Mark Catesby, mtaalamu wa mimea na wanyama, aliyaandika hayo. Wazungu wengine wakati huo walikuwa bado wanadai mabaki kama hayo ni ya majitu ya gharika ya Nuhu.

Sasa jambo ambalo watu hawataki kulisikia: jino lisilojulikana lilitoka wapi halitufai sana. Mwingereza William Smith, mpimaji wa mifereji, alilielewa hilo mapema. Kitabu chake cha visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa ardhini, kilichoanza kutoka 1816, kinafunguliwa na mchoro wa jino la mastodoni kutoka Whitlingham, karibu na Norwich. Michoro ni ya James Sowerby, na kurasa zake zilichapwa kwenye karatasi za rangi inayokaribiana na rangi ya tabaka la ardhi ambamo visukuku vilipatikana. Ukishika ukurasa tu, unajua ni udongo upi. Picha yako yenye kitambaa cha meza haituambii hata kijiji.

Mfano wa nyumbani ni mnyama mla nyama wa kale aliyepewa jina la kisayansi Simbakubwa kutokaafrika. Taya na meno yake yalichimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, yakakaa kwenye droo ya makavazi Nairobi kwa miongo kadhaa, mpaka watafiti Matthew Borths na Nancy Stevens walipoyaeleza rasmi 2019. Kwa kuwa mahali pa kuchimbwa palikuwa pameandikwa, umri wake uliweza kukadiriwa: zaidi ya miaka milioni 20. (Na hapana, si babu wa simba. Tumeulizwa vya kutosha.)

Kuhusu pesa, Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 iko wazi. Kisukuku kilichomo ardhini ni mali ya Serikali, hata kama hatimiliki ya shamba ina jina lako. Anayekigundua anatakiwa kutoa taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku saba, akieleza mahali hasa na jinsi alivyokipata, na kitu chenyewe kikabidhiwe. Kuchimba bila leseni ni kosa. Kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa lingine, na "sikujua" si utetezi tunaoweza kuushauri. Kwa kesi yako mahususi, muone wakili.

Siku saba zinatosha kufanya mambo kwa utaratibu. Piga picha jino likiwa bado ardhini, sarafu ikiwa kando yake, kisha picha ya ukingo mzima wa korongo. Hifadhi eneo kwenye ramani ya simu. Likiwa limekwama kwenye mwamba, usiling'oe, tujulishe. Likiwa limelegea na maji yanakaribia kulisomba, lifunge kwa karatasi laini pamoja na vipande vilivyomeguka, bila gundi na bila kuliosha, na uandike ulipolitoa. Ukilikabidhi, dai hati ya makabidhiano yenye jina lako na tarehe. Ukiona wanaolipokea wanasitasita kuiandika, dai tena.