Ustahimilivu wa kulika kwenye silinda za injini

Ustahimilivu wa kulika ni uwezo wa kitu kusuguliwa muda mrefu bila kupungua. Wengi huuchanganya na ugumu, lakini silinda, yaani tundu la injini ambamo pistoni hupanda na kushuka, inatufundisha vingine.

Silinda za malori na matrekta mengi ni za chuma cha kusubu cha kijivu, ambacho si kigumu kama chuma cha pua kilichotiwa ugumu kwa moto. Kinachokiokoa ni grafiti, vipande vyembamba vya kaboni vilivyotapakaa ndani yake. Grafiti ni laini, hulainisha msuguano, na inapochomoka huacha vishimo vinavyoshika oili. Yaani kile kilicho laini ndicho kinachokirefushia chuma maisha! Kwangu hili ndilo la kuvutia kuliko yote.

Ukikuta injini imefunguliwa kwenye gereji za Unga Limited, Arusha, omba upitishe ukucha ndani ya silinda iliyotembea sana, kutoka juu kwenda chini. Utahisi ukingo. Juu ya ukingo huo ringi, yaani pete ya chuma inayoizunguka pistoni, haifiki. Chini yake chuma kimelika. Hapo ndipo pistoni inapogeukia: inasimama kidogo, utando wa oili unakuwa mwembamba, na joto na mgandamizo ni vikali mno. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pistoni inageuka hapo juu mara 3,000 kila dakika.

Halafu kuna vumbi. Udongo wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro umetokana na mawe ya volkano, na baadhi ya chembe zake ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Ea klina, yaani kichujio cha hewa ya injini, ikipasuka, chembe hizo huingia kati ya ringi na ukuta wa silinda, zikavisaga vyote viwili. Ndiyo maana slivu (bomba linalovishwa ndani ya silinda) za aina moja hudumu kwenye gari la lami na kuisha mapema kwenye trekta la shambani. Ustahimilivu haukai kwenye chuma peke yake. Ringi, oili na hewa navyo vimo.

Aluminiamu tupu hulika upesi, hivyo bloku (mwili wa injini wenye silinda) za aluminiamu huwekewa slivu za chuma. Nyingine hupakwa nikeli yenye chembe za silikoni kabaidi, utando usiofika hata sehemu ya kumi ya milimita. Silinda ya hivyo ikichongwa ili ivae pistoni ya ovasaizi, yaani kubwa kuliko ya awali, utando wote umekwenda, na ringi zitasugua aluminiamu. Kabla bloku haijapelekwa kwa mchongaji, muulize fundi wako: hii ni slivu ya chuma, au imepakwa?