Eneobunge ni nini? Tazama Lang'ata na Kibra

Eneobunge, au jimbo kama wasemavyo Watanzania, ni sehemu ya nchi ambayo wapiga kura wake humchagua mbunge mmoja. Kenya inayo 290. Mipaka huchorwa kwa kuangalia hasa idadi ya watu, na Katiba ya 2010 inaitaka tume ya uchaguzi, IEBC, iipitie upya kila baada ya miaka 8 hadi 12. Ndiyo maana unaweza kujikuta katika eneobunge jipya na hujahamisha hata kijiko.

Chukua Lang'ata, Nairobi. Mwaka 1974 ilimchagua Mwangi Mathai. Kwenye kampeni aliahidi ajira, na mkewe, Wangari Maathai, hakukubali ahadi ile ife kura zikishahesabiwa. Akaanzisha kampuni ndogo ya miche na upandaji miti ili watu wapate kibarua. Kampuni haikudumu, lakini wazo lile ndilo lililozaa Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977. Kwangu mimi huo ndio uwakilishi, ingawa aliyeufanya hakuwa na kiti bungeni.

Baadaye kiti kilikwenda kwa Philip Leakey, na mwaka 1992 kikamwendea Raila Odinga kwa tiketi ya chama cha FORD-Kenya. Raila alipohamia chama cha NDP, sheria ilimtaka aachie kiti. Akarudi kwa watu wale wale katika uchaguzi mdogo wa 1997, wakamrudisha bungeni. Mbunge huenda, kiti hubaki mikononi mwa wapiga kura.

Kisha mstari ukahama. Mipaka ilipochorwa upya mwaka 2012, mtaa wa Kibera, ngome ya Raila kwa miaka yote hiyo, ulitolewa Lang'ata ukawa kitovu cha eneobunge la Kibra, jina litokalo kwa Wanubi, jamii yenye asili ya Sudan, waliopaita hapo kibra, yaani msitu. Mbunge wake wa kwanza, 2013, alikuwa Ken Okoth. Alifariki kwa saratani Julai 2019 angali mbunge, na Novemba mwaka huo ndugu yake Imran akashinda uchaguzi mdogo.

Kwa hiyo orodha ya wabunge wa Kibra inaanza 2013. Wazee wa Kibera walipiga kura miongo mingi kabla ya hapo. Kura zao zitafute chini ya jina la Lang'ata.