Mchekeshaji wa jukwaani anawezaje kugeuka nyota wa filamu? Tazama njia ya Eddie Murphy

Wengi wetu Afrika Mashariki tulimjua Eddie Murphy kwenye kanda za video, kabla hata ya kusikia kwamba alianza kama mchekeshaji wa jukwaani: mtu mmoja, maiki moja. Basi swali linakuja lenyewe. Mtu aliyezoea kusimama na kuongea peke yake anawezaje kuingia kwenye filamu, yenye muswada, mwongozaji na kundi zima la waigizaji, na kuwafunika waliosomea kazi hiyo?

Jibu langu ni kwamba pale jukwaani tayari alikuwa anaigiza, tena watu wengi kwa mpigo.

Murphy alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1961, na akiwa na miaka 15 alipanda jukwaani kwenye kituo cha vijana cha mtaani kwao kumwiga mwimbaji Al Green. Alianza kwa kuiga watu, na uigaji huo hakuuacha. Katika onyesho lake lililorekodiwa Washington mwaka 1983, Delirious, kuna kisa cha mama yake na kiatu. Mama anavua kiatu, anamrushia mtoto anayekimbia, na kiatu kinamfuata hadi anakofikiri amenusurika. Nani kati yetu hajawahi kukimbia kandambili ya mama? Ila mwangalie anavyosimulia. Hasemi tu kwamba mama alikasirika. Anakuwa mama, kwa shingo na macho. Kisha, bila kuvuta pumzi, anakuwa mtoto. Hana mavazi ya kubadilisha wala mwenzake wa kumjibu. Hiyo ni shule ya uigizaji, na mwalimu wake ni mkali: watu wasipomwona mama huyo, hawacheki, na mchekeshaji anajua papo hapo.

Alijiunga na kipindi cha televisheni cha Saturday Night Live mwaka 1980, akiwa na miaka 19, akipewa nafasi ndogondogo. Mapema mwaka 1981, kipindi kikiwa hewani moja kwa moja, ikaonekana kitaisha kabla ya wakati. Zilibaki dakika chache za kujaza. Wakamsukuma yeye mbele na vichekesho vyake vya jukwaani, na hakurudi tena nyuma.

Sasa ije filamu yake ya kwanza, 48 Hrs., ya Desemba 1982. Anacheza Reggie Hammond, mfungwa aliyetolewa gerezani kwa saa 48 amsaidie mpelelezi, aliyechezwa na Nick Nolte, kumsaka muuaji. Kuna pahala anaingia kwenye baa ya Wazungu wa muziki wa kantri, na hakuna hata mmoja anayemtaka mle ndani. Alichonacho ni beji ya kuazima na mdomo wake. Anarusha glasi kwenye kioo, kioo kinapasuka, baa inanyamaza, na tangu hapo baa ni yake. Mchekeshaji yeyote anaijua hali hiyo: unapanda mbele ya watu wasiokujua, una muda mfupi sana wa kuwashika, na wakikuponyoka umekwisha. Murphy alikuwa ameifanya kazi hiyo klabu baada ya klabu kabla hajafikisha miaka 21.

Beverly Hills Cop ya 1984 ikarudia siri hiyo hiyo. Uhusika mkuu awali ulikuwa wa mwigizaji Sylvester Stallone, akajitoa muda mfupi kabla ya kupiga picha, na muswada ukabidi uandikwe upya. Axel Foley, polisi wa Detroit, anafika kwenye hoteli ya kifahari bila chumba alichoagiza. Anajifanya mwandishi aliyekuja kumhoji Michael Jackson, anapandisha sauti pale mapokezi watu wote wasikie, na chumba kinapatikana. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 230 Marekani na Kanada pekee.

Halafu kuna Coming to America ya 1988, na hapa ndipo mimi huona ushahidi ulio wazi kuliko wote. Kwenye kinyozi, wazee wanabishana kuhusu mabondia. Murphy ni Clarence, mwenye kinyozi. Saul, mzee wa Kiyahudi anayekaa kusikiliza na kuingilia, ni Murphy pia, chini ya vipodozi vya fundi Rick Baker. Watazamaji wengi hawakumgundua hadi majina yalipopita mwishoni. Vipodozi vinabadilisha uso tu. Mwendo wa maneno, kikohozi, namna ya kungoja zamu ya kuongea, hivyo vimetoka kwa yule kijana wa kisa cha kiatu. Mwaka 1996, katika The Nutty Professor, alicheza wahusika 7, na familia karibu nzima iliyokaa mezani kula ilikuwa yeye.

Kuna kitu kimoja kisichohamishika: kicheko. Wakati wa kupiga picha, mafundi wanatakiwa wanyamaze kimya, na mwendo wa kichekesho unaamuliwa baadaye na mhariri. Jukwaani kichekesho kikifa, unabadilisha njia saa hiyo hiyo. Kwenye filamu huna namna hiyo. Filamu yake The Adventures of Pluto Nash ya 2002 iligharimu karibu dola milioni 100 ikarudisha kama milioni 7.

Miaka minne baadaye alicheza mwimbaji aliyepitwa na wakati katika Dreamgirls, akapata tuzo ya Golden Globe na kuteuliwa kuwania Oscar. Walioshangaa kwamba anaweza kuhuzunisha walikuwa wamesahau kwamba kazi yake tangu mwanzo ilikuwa kuwachunguza watu.

Onyesho lake kubwa la mwisho la jukwaani lililoingia sinema, Raw, ni la 1987. Mwaka 2019, katika Dolemite Is My Name, alicheza Rudy Ray Moore, mchekeshaji halisi wa Los Angeles aliyetengeneza filamu yake mwenyewe mwaka 1975 wakati hakuna studio iliyomtaka. Humo Murphy anashika tena maiki mbele ya watu kwenye klabu ndogo, na sauti anayotoa ni ya Moore mwanzo hadi mwisho.