Kabla hujachagua wa kutangulia, kautazame uwanja

Mapromota wa hapa Dodoma wakinipigia simu kuhusu mitambo ya sauti, huwa wameshamaliza mambo mawili: jina la msanii mkubwa liko kwenye mabango na uwanja umeshalipiwa. Nikiuliza nani anatangulia kuimba kabla yake, jibu ni lile lile: "Hao tutajaza jaza tu, fundi." Mimi nakaa nyuma ya mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, katikati ya watu, kwa hiyo naona asichokiona promota aliyeko getini akihesabu tiketi. Shoo nyingi zinaharibikia au kunogea hapo hapo kwenye kujaza jaza.

Tuanze na uwanja wa wazi, maana kiangazi huku kwetu shoo nyingi ni za nje. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ikishafika Julai upepo wa mashariki haulali mpaka mvua zikaribie. Upepo unapinda sauti. Chini karibu na ardhi unakwenda taratibu, juu unakwenda kasi, na tofauti hiyo ndiyo inayofanya sauti inayokwenda kinyume na upepo iinuke ipite juu ya vichwa vya watu, na inayokwenda na upepo iiname iwafikie. Ndiyo maana nang'ang'ania jukwaa lipe mgongo mashariki. Promota naye anang'ang'ania lisipe, kwa sababu jukwaa linaloangalia magharibi linapigwa na jua la jioni usoni, skrini inafifia, na nembo za wadhamini hazionekani. Mwenye hela hushinda mara nyingi.

Halafu kuna ukavu. Hewa kavu inameza sauti nyembamba zaidi kuliko hewa yenye unyevu: zile "s" na "sh" za mwimbaji, mlio wa matoazi, kucha kwenye nyuzi za gitaa. Fundi anayetoka Dar es Salaam akija na vipimo vyake alivyovihifadhi kwenye mikisa, watu wa mbele watamsikia mwimbaji vizuri, wa nyuma watasikia besi na mtu anayenung'unika.

Jua likishazama mambo yanageuka. Chini ya anga lisilo na wingu ardhi ya Dodoma inapoa haraka, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti ambayo mchana ilikuwa inapaa sasa inainama na kusafiri mbali. Kwa hiyo chipukizi anayepanda saa kumi na moja jioni anaimba katika hewa inayomnyang'anya sauti, na staa anayepanda saa nne usiku anaimba katika hewa inayomsaidia. Ongeza kwamba staa ndiye hupima sauti kwanza na kwa muda mrefu, chipukizi anapewa dakika zilizobaki, tena mara nyingine na agizo kwamba spika zake zisifunguliwe zote. Watu wakirudi nyumbani wanasema yule dogo bado sana. Labda kweli bado. Lakini hajasikika, na hilo ni jambo jingine.

Kumbi za ndani ni kesi tofauti. Mji wetu ni wa mikutano, na kumbi zetu nyingi zimejengwa kwa hotuba na harusi: vigae chini, vioo pembeni, dari tambarare. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta ulio mita 17 kutoka kwako unakurudishia mlio baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, na sikio linausikia kama mlio wa pili. Hotuba inavumilia hilo mzungumzaji akienda polepole. Ngoma za kasi hazivumilii, zinageuka uji. Wazungu nao yamewakuta: Royal Albert Hall ya London ilifunguliwa mwaka 1871 na mwangwi wake ukasumbua watu karibu miaka mia, mpaka 1969 walipotundika darini visahani vikubwa vya fibaglasi kuutawanya. Sisi tuna mapazia ya harusi, na yanasaidia kidogo. Kinachosaidia kweli ni miili ya watu, maana nguo na nyama hunywa sauti. Ukumbi mtupu unaolia wakati wa kupima sauti unatulia ukijaa. Tatizo ni kwamba anayetangulia ndiye anayekuta ukumbi nusu.

Ukishajua hayo, swali la nani atangulie linabadilika. Ukumbini, watu wakiwa bado wanaingia, mpe sauti moja na gitaa au zeze, kitu chenye nafasi kati ya noti na noti. Nje, jioni, penye upepo, usimpe mtu mmoja anayefuatisha pleibeki. Mpe kitu kisichohitaji kubembelezwa na spika.

Hili nililiona kwa macho kwenye kiwanja kimoja pembezoni mwa mji. Kikundi cha akina mama wa Kigogo kilikuwa kimeletwa kumpokea mgeni rasmi tu, hakikuwa hata kwenye orodha ya watumbuizaji. Mgeni rasmi akachelewa. Chipukizi wa kwanza akapanda, na katikati ya wimbo wake jenereta likazima. Kimya. MC anapunga mikono bila maiki, vijana wameanza kupiga miluzi ile mibaya. Akina mama walikuwa wamekaa karibu na geti, ngoma zao za muheme zimeanikwa juani tangu mchana, ngozi imekaza vizuri. Mmoja akasimama, akaibana ngoma katikati ya mapaja, akagonga. Mwingine akaitika.

Muuza soda aliyekuwa karibu nao akaweka kreti chini akapanda juu yake ili aone. Baada ya hapo umati mzima ulilipa jukwaa mgongo ukafanya duara. Kitaalamu kilichotokea ni rahisi: watu waliokuwa mita arobaini kutoka kwenye chanzo cha sauti sasa walikuwa mita tatu. Kwenye uwazi, kila ukipunguza umbali kwa nusu unaongeza ukubwa wa sauti kwa desibeli sita, na upepo kwa masafa hayo hauna la kufanya. Wakaimba wakiachiana na kupokezana, sauti juu ya sauti, kama Wagogo wanavyoimba bila kuhitaji mtu wa kuwapangia.

Umeme uliporudi, DJ wa staa alitaka kuanza hapo hapo. Staa mwenyewe, aliyekuwa ameangalia yote kutoka kwenye gari nyuma ya jukwaa, akamzuia. Akashuka na maiki isiyo na waya, akapenya mpaka katikati ya duara.

"Mama, shikamoo. Naomba niimbe humo humo."

"Marahaba. Imba tu mwanangu, sisi hatukatiki umeme."

Mimi nilikuwa na kazi ya haraka: spika kubwa za jukwaani zilikuwa mbali kiasi kwamba sauti yake ingetua kwenye duara ikiwa imechelewa nyuma ya ngoma. Nikazizima, nikaacha zile ndogo za pembeni zilizokuwa karibu nao. Aliimba kiitikio chake juu ya muheme, polepole kuliko kwenye rekodi, na watu wakakipokea. Alipopanda jukwaani baadaye na midundo yake ya kompyuta, hakuhitaji kuwaambia wanyooshe mikono.

Si kila mgeni asiyetarajiwa hupokelewa hivyo. Oktoba 1981 Prince, mwanamuziki wa Marekani, alitangulia bendi ya roki ya Rolling Stones kwenye uwanja wa Coliseum, Los Angeles. Kijana mwenye kipaji cha ajabu, lakini uwanja mkubwa wa wazi, umati uliokuja kwa ajili ya gitaa za roki. Alizomewa na kurushiwa vitu. Miaka ishirini na moja baadaye, mwaka 2002, Peter Gabriel, mwanamuziki wa Uingereza, alizunguka Marekani kwenye kumbi za michezo, na miongoni mwa waliomtangulia alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo wetu aliyekuwa akiishi Bagamoyo, pamoja na Charles Zawose. Jukwaa la ziara ile lilikuwa katikati ya ukumbi, watu pande zote, na naamini hilo liliwafaa wanamuziki wa ilimba, kile kisanduku chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, kuliko jukwaa la kawaida, kwa sababu muziki wa Kigogo ni wa duara tangu mwanzo. Mzee Hukwe alifariki Desemba 2003.

Na kwa kuwa nimeitaja ilimba, mafundi wenzangu naomba mnisikilize. Ule mvumo unaosikika juu ya noti zake si waya mbovu. Pale kwenye tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui, ndio unaovuma, na mpigaji ameuweka makusudi. Nimeona fundi akibadilisha waya, akaona haitoshi, akakata sauti zote nyembamba mpaka ilimba ikawa kama mtu anayegonga sanduku. Weka maiki ndogo karibu na tundu, pembeni kidogo, shusha monita za jukwaani, zile spika zinazowaelekea wanamuziki, ili zisianze kulia, na uiache ivume.

Kwa promota ninaye ombi dogo. Ukiwapa wanaotangulia dakika ishirini, ziwe ishirini kweli, bila MC kuingia katikati kusoma majina ya wadhamini. Na wakija na ngoma, usiwapandishe jukwaani. Waulize wanataka kusimama wapi, halafu uniambie mapema, nijue spika ndogo nizipeleke upande gani.