Blaki metali ghafi ni nini, na tauni imeingiaje humo

Mtu akiisikia blaki metali ghafi, aina ya muziki wa roki nzito, mara ya kwanza anachofanya ni kwenda kukagua waya wa spika. Gita linalia kama nyuki waliofungiwa kwenye debe, dramu ziko mbali huko kama mtu anagonga mlango wa nyumba ya pili, besi ni kama haipo, halafu kuna jamaa anapiga mayowe ambayo hata ujue Kinorwei hushiki neno, na juu ya yote hayo lipo lile shhhh la kaseti. Spika yako nzima kabisa. Wamerekodi hivyo na walitaka iwe hivyo. Hiyo ndio blaki metali ghafi, ghafi ileile ya malighafi, yaani kitu ambacho hakijapitishwa kiwandani.

Jina la blaki metali limetoka kwa Venom, bendi ya Newcastle kule Uingereza, ni jina la albamu yao ya 1982, ila mlio ninaousema hapa ulikomaa Norwei mwanzoni mwa miaka ya 90. Kipindi hicho dethi metali, aina nyingine ya roki nzito, ilikuwa inatoka studio ikiwa nene, safi, kila kitu kinasikika, na vijana kadhaa wa Oslo na Bergen wakaona hapana, huu uzuri umezidi. Bendi ya Darkthrone, ya wawili Fenriz na Nocturno Culto, wakatoa albamu "Transilvanian Hunger" mwaka 1994: Fenriz kapiga vyombo vyote peke yake, karekodi kwa mashine ndogo ya kaseti ya treki nne, kisha Nocturno Culto kaja kuweka sauti. Wimbo wa kwanza ukiuweka hakuna utangulizi, unakuta umeshaanza tayari, kama umefungua mlango ukakuta watu wako katikati ya ugomvi, na dramu zinashika mwendo uleule karibu mpaka mwisho. Varg Vikernes, mwenye bendi ya mtu mmoja iitwayo Burzum, yeye alienda mbali zaidi. Kwenye albamu "Filosofem", iliyorekodiwa 1993 ikatoka 1996, amesimulia mwenyewe kwamba alimwomba fundi wa studio maiki mbovu kuliko zote, akaishia kuimbia ile ya hedifoni, na gita akalipitisha kwenye amplifaya ya redio ya kaka yake badala ya amplifaya ya gita. (Huyo huyo Vikernes alifungwa kwa mauaji na kuchoma makanisa, kwa hiyo kusifia maiki yake sio kumsifia yeye.)

Sasa kwa nini mtu aharibu sauti makusudi? Kama uliwahi kuwa na kaseti ya taarabu iliyodurufiwa kutoka kaseti nyingine ambayo nayo ilidurufiwa, jibu unalo. Mwimbaji anarudi nyuma, anakuwa kama anaimbia uani kwa jirani, na wimbo wa juzi tu unaanza kusikika wa kale. Ule uchafu unaweka umbali. Hawa jamaa walitaka huo umbali, maana habari zao nyingi ni za karne za kati, za giza, njaa, misitu, makaburi, na ukizisimulia kwa sauti ya studio inayong'aa unapata sinema ya kuigiza tu.

Na hapo ndipo tauni inapoingia. Ile Tauni Kuu iliyoua watu wengi Ulaya ilifika Messina, kule Italia, kwa meli Oktoba 1347, na mwaka 1349 ikafika Bergen, nayo kwa meli. Norwei iliumia vibaya, wanahistoria wengi wanakadiria nusu ya watu au zaidi walikufa, mashamba yakarudi pori na mengine yalikaa hivyo vizazi na vizazi. Watu wakampa ugonjwa sura, bibi kizee anaitwa Pesta anayetembea kijiji kwa kijiji. Akija na reki, kuna watakaoponea kwenye meno ya reki. Akija na ufagio, habaki mtu. Mchoraji Theodor Kittelsen alitoa kitabu kizima cha michoro na mashairi kuhusu habari hiyo mwaka 1900, na ni michoro yake huyohuyo Burzum waliweka kwenye majalada yao. Kuna bendi nyingine ya Norwei inaitwa 1349 tu, namba basi, na kila mtu wa huko anaelewa.

Kimuziki ile hali ya kukata tamaa inatengenezwa hivi: mkono unachapa nyuzi za gita harakaharaka bila kupumzika, melodi fupi yenye huzuni inazunguka, inazunguka tena, unasubiri kiitikio kije kikupe ahueni na hakiji. Mtu aliyefungiwa ndani na wagonjwa wake watatu hana kiitikio pia. Wafaransa wa Les Légions Noires, kundi la bendi kama Mütiilation na Vlad Tepes, walibonyeza hapo kwenye kidonda kuliko hata Wanorwei, kaseti zao zilikuwa nakala chache za kupeana mkononi na zinasikika kama zimefukuliwa shimoni.

Kitu kinachonikera kidogo, yale majalada ya albamu yenye daktari wa kinyago cha mdomo wa ndege yakiandikwa "karne za kati". Kinyago kile ni cha karne ya 17, wafu wa 1349 hawakukiona. Wakitaka cha kale kweli wachukue ile ngoma ya wafu, mifupa imewashika mkono papa, mfalme na mkulima, iliyochorwa makaburini Paris mwaka 1424 na 1425. Na tauni yenyewe sio hadithi ya Ulaya peke yake, watu wa Lushoto waliishi nayo miaka mingi kuanzia 1980, tofauti ni kwamba siku hizi antibayotiki zikiwahi mtu anapona.

Ila sio kila kelele ni ghafi ya maana. Wengi wanajificha nyuma ya shhhh kwa sababu gita hawalijui. Kipimo changu ni kuzima, nikaendelea na shughuli kama nusu saa, kisha nisikilize kichwani kuna nini. Ya Darkthrone bado inazunguka. Nyingine nyingi, kilichobaki ni shhhh.