Bunduki za baruti nyeusi: si kila moja ni gobore

Bunduki ya baruti nyeusi ikitajwa, wengi wetu hufikiria gobore la mwindaji: baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, risasi ikashindiliwa kwa mdeki, kisha fataki ikapachikwa. Picha hiyo inazifaa bunduki nyingi za kijeshi za katikati ya karne ya 19, lakini haiifai Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya Kijerumani ambayo askari wa Afrika Mashariki ya Kijerumani walikuwa bado wanaibeba mwaka 1914. Hiyo ilijazwa kwa nyuma, risasi moja yenye ganda la shaba kwa kila mlio, na kufungwa kwa komeo la kuvuta kwa mkono.

Wengine husema kwamba silaha hiyo haikuwa na nguvu. Risasi yake, iliyotengenezwa kwa madini ya risasi pekee, ilikuwa na kipenyo cha milimita 11 na uzito wa gramu 25 hivi, na iliwajeruhi watu vibaya sana. Ni kweli kwamba ilikwenda polepole, takriban mita 440 kwa sekunde, hivyo njia yake angani ilipinda mno, na mpigaji aliyekosea kukadiria umbali alikosa shabaha hata kama mkono wake ulitulia.

Udhaifu wake mkubwa ulikuwa moshi. Katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, wanajeshi wapatao 1,000 wa kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck waliwashinda Waingereza na Wahindi wapatao 8,000, ingawa askari wake wengi walikuwa na bunduki hizi ambazo kila mlio uliacha wingu jeupe la kumwonyesha adui mahali pa kulenga. Ushindi huo haumaanishi kwamba moshi haukuwa na madhara. Bunduki za kisasa zilizotekwa hapo, pamoja na risasi zipatazo 600,000, ziligawiwa kwa askari upesi.

Ipo pia dhana, nayo ni ya hatari, kwamba baruti ni baruti tu. Baruti isiyo na moshi, iliyobuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ina nguvu zaidi kwa kiasi kilekile, na anayeijaza katika ganda la bunduki ya kale kwa kipimo cha baruti nyeusi anaweza kuupasua mtutu karibu kabisa na uso wake.

Kuhusu usafi, wengi huamini kwamba maji ni adui wa chuma, basi hupaka mafuta peke yake. Baruti nyeusi ni shura (nitrati ya potasiamu) asilimia 75, makaa 15 na salfa 10, na zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa masizi na chumvi zinazofyonza unyevu na kuleta kutu. Mafuta hayaziyeyushi chumvi hizo, maji ya moto huziyeyusha. Yakipitishwa mtutuni hutoka meusi yakinuka yai viza. Hurudiwa mpaka yatoke meupe, mtutu ukakaushwa kwa kitambaa, ndipo mafuta yapakwe.