Mkopo wa Korea si zawadi, wala si rehani ya bahari

Tangu Juni 2024, Tanzania ilipotia saini makubaliano ya mikopo na Korea Kusini, swali moja halijaacha kutufikia, kwa barua, kwa simu na hata kwenye mikutano ya hadhara: je, ni kweli bahari na madini ya Tanzania yamewekwa rehani kwa Wakorea? Nimelijibu mara nyingi kwa mdomo. Safari hii nalijibu kwa maandishi, na nitaanzia Korea kwenyewe, maana wengi wanaouliza hawajapata nafasi ya kumjua huyu anayetukopesha.

Vita vya 1950 hadi 1953 viliiacha Korea Kusini ikiwa magofu. Ilikula unga wa ngano wa msaada kutoka Marekani, na kuanzia 1945 hadi miaka ya 1990 ilipokea misaada na mikopo nafuu inayokadiriwa kufikia dola bilioni 12.7. Ilipotaka kujenga kiwanda cha chuma, Benki ya Dunia iliona mradi hautalipa. Korea ikachukua sehemu ya fedha ilizopewa na Japani chini ya mkataba wa 1965, ikajenga kiwanda hicho Pohang, na mwaka 1973 kikaanza kuzalisha. Mwaka 1987 ilianzisha mfuko wake wa kukopesha nchi nyingine, EDCF. Mwaka 1991 ikaunda shirika la misaada, KOICA. Mwaka 2000 ikatolewa kwenye orodha ya nchi zinazopokea misaada, na Januari 1, 2010 ikaingia rasmi DAC, kamati ya wahisani ya OECD, jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi. Mtu aliyepanga foleni ya unga akiwa mtoto alikuwa bado hai siku hiyo.

Historia hiyo ndiyo inayoeleza tabia yake kama mhisani. Korea iliinuka kwa kukopa na kujenga, kwa hiyo nayo hupenda kukopesha kwa ajili ya ujenzi. Katika misaada yake, sehemu ya mikopo ni kubwa kuliko ya wanachama wengi wa DAC. Kwa kiasi, bado si mhisani mkubwa: mwaka 2024 ilitoa karibu dola bilioni 4, yaani takribani asilimia 0.2 ya pato lake, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni asilimia 0.7.

Hapa ndipo mkanganyiko unapoanzia. KOICA hutoa msaada usiorudishwa na iko chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Korea. EDCF hutoa mkopo, husimamiwa na Benki ya Exim ya Korea na iko chini ya wizara yao ya fedha. Daraja la Kikwete kwenye Mto Malagarasi mkoani Kigoma ni mkopo. Hospitali ya Mloganzila ni mkopo. Daraja la Tanzanite pale Dar es Salaam, lililofunguliwa 2022, ni mkopo. Mtu anaponiambia kwamba "Wakorea walitupa daraja", sina budi kumsahihisha: hawakutupa, tunalilipa sisi.

Sasa hiyo Juni 2024. Korea iliwaita viongozi wa Afrika kwenye mkutano wa kilele, na katika safari hiyo ya viongozi wetu Tanzania ilitia saini makubaliano ya jumla ya mikopo nafuu ya hadi dola bilioni 2.5 kwa miaka ya 2024 hadi 2028. Siku hizohizo zikatiwa saini hati nyingine za ushirikiano, za uchumi wa buluu, yaani shughuli za bahari, na za madini ya kimkakati. Hati tofauti zikatangazwa kwa pamoja, na mitandaoni zikasomwa kama hati moja: kwamba fedha zimetolewa, na bahari ndiyo dhamana. Mkopo huo hauna dhamana ya rasilimali. Isitoshe, sheria ya mwaka 2017 ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili inaweka rasilimali hizo mikononi mwa wananchi, Rais akizishikilia kwa niaba yao. Jambo hili limeelezwa hadharani zaidi ya mara moja, na inachosha kuona picha ileile ya hati iliyokatwa katikati ikirudi mitandaoni kila baada ya miezi michache.

Jingine linalosahaulika: hizo bilioni 2.5 si deni bado. Ni kikomo. Deni huzaliwa mradi kwa mradi, na njia yake ni ndefu. Wizara ya kisekta huandaa andiko na upembuzi yakinifu. Wizara ya Fedha hulipitia na kuliwasilisha kwa Wakorea. Benki ya Exim hutuma timu kuukagua mradi. Kamati za kitaalamu na kitaifa za usimamizi wa madeni hupima kama deni litabaki himilivu. Mwanasheria Mkuu wa Serikali huhakiki rasimu. Mwenye mamlaka ya kukopa kwa niaba ya Serikali ni Waziri wa Fedha, kwa Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada, Sura ya 134. Halmashauri au shirika likisaini lenyewe, saini hiyo haiifungi Serikali. Hata baada ya kusaini, fedha hazishuki kwa mkupuo. Mkandarasi hufanya kazi, mhandisi mshauri huthibitisha, hati ya malipo hupanda ngazi kwa ngazi, ndipo malipo hutoka. Manunuzi yakikiukwa, mkopeshaji anaweza kusimamisha malipo. Rejesho likichelewa, kuna riba ya ucheleweshaji.

Riba ya mikopo ya EDCF kwa nchi kama yetu inaweza kushuka hadi asilimia 0.01, na muda wa kulipa kufika miaka 40. Kwa deni la dola milioni 100, riba hiyo ni dola 10,000 kwa mwaka. Basi Korea inapata nini? Inapata kazi kwa kampuni zake, kwa kuwa mikopo hii kwa kawaida hutaka mkandarasi mkuu atoke Korea. Daraja la Tanzanite lilijengwa na GS, kampuni ya Korea. Ushindani unapobaki miongoni mwa kampuni za nchi moja, bei inaweza kuwa juu kuliko ambavyo ingekuwa kwenye zabuni ya wazi. Pia deni huhesabiwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo shilingi ikishuka, mzigo hupanda hata kama riba haijasogea. Maswali ya namna hii nayapokea kwa moyo mweupe, na ningefurahi kuyasikia mara nyingi zaidi kuliko lile la bahari.

Kuhusu nyaraka bandia zinazosambazwa juu ya mkopo huu, naomba tuelewane mapema. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamgusa anayechapisha taarifa huku akijua kuwa ni ya uongo, kwa nia ya kudanganya au kupotosha umma: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kuuliza si kosa. Na ukiombwa kulipia fomu ya "ruzuku ya Korea", usilipe; fedha za mikopo hii hazigawiwi kwa mtu mmoja mmoja.

La mwisho ni la watu ambao nyumba zao zimewekwa alama ya X ili zipishe miradi hii. Barua nyingi za madai ya fidia hupelekwa ubalozini, na huko hazina pa kwenda. Mkopo wa EDCF kwa kawaida haulipii ardhi. Fidia ni jukumu la Serikali yetu, kutoka bajeti ya ndani, na ikipita miezi 6 bila kulipwa, mdai anastahili riba. Dai lako lipeleke kwa taasisi inayotwaa eneo, ukiambatanisha fomu ya uthamini uliyosaini, na nakala yake iende kwa Mkuu wa Wilaya. Barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha uitunze nakala.